MAZUNGUMZO YA SHAMBANI: Tango Lililopotoka Lasema Nini?



Juma hili nalikusudia kuzungumza nanyi habari za kuhifadhi mahindi ghalani. Lakini barua mbili zimenifikia, na zote mbili zauliza jambo moja. Basi nimeona heri mahindi yangoje. Msomaji wa kwanza aandika kwamba matango yake yamekuwa membamba shingoni na manene kichwani, mfano wa rungu. Wa pili asema kwamba yake yamepinda kama mundu, na mchuuzi ameyakataa mbele ya watu. Kila mmoja amemalizia barua yake kwa swali lile lile: "Je, ninunue mbolea gani?"

Swali hilo hunichoma moyo, kwa sababu siku moja nililijibu kwa haraka, na jibu langu lilimtia mtu hasara. Nitawasimulia kisa hicho kwanza, kisha tuje kwenye mafundisho yake.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, ana kipande cha shamba cha robo eka kando ya kijito. Udongo wake ni mwekundu, wa mlimani, wenye kina kirefu. Matango ya shamba hilo ndiyo yaliyokuwa yakimlipia mwanawe karo ya shule ya bweni. Mfanyabiashara alikuwa akija kila Jumanne na Ijumaa, naye hakutaka ila matango yaliyonyoka. Yaliyopotoka aliyaacha pale pale chini ya mti. Misimu mitatu biashara ilikwenda vyema. Msimu wa nne mambo yakageuka.

Jioni moja nilipokuwa nikitoka ofisini, mama yule alinijia amefunga tango moja ndani ya leso. Akalifungua, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Nitazamie jambo hili." Lilikuwa tango la umbo la rungu, shingo nyembamba, kichwa kimevimba. Zilikuwa zimesalia wiki tatu tu shule zifunguliwe.

Wasomaji wangu, mtu aliyezoea kukaa nyuma ya meza na kuulizwa maswali huona haya kusema "sijui". Nikalitazama tango lile kama hakimu atazamavyo ushahidi, nikamwambia, "Mama, mimea yako ina njaa. Iongezee mbolea ya CAN, konzi mbili kila shina." Akanishukuru, akaenda, akafanya kama nilivyosema.

Wiki mbili zilipopita, majani yalikuwa yamekolea rangi ya kijani hata mpita njia angeyasifu. Mashina yalitambaa kwa nguvu. Lakini matango yalizidi kupotoka, na yale majani ya zamani, yaliyo karibu na mzizi, yalianza kuwa ya manjano pembeni, kisha yakakauka kingo kana kwamba yamepitishwa motoni. Yule mfanyabiashara sasa alichukua tango moja katika kila matatu. Mama akaazimu kumwuza mbuzi wake ili anunue mfuko mwingine wa mbolea ile ile.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Nikamwendea mzee mmoja aliyestaafu, ambaye katika ujana wake alikuwa bwana shamba, nikamweleza yote bila kuficha langu. Kesho yake alfajiri tulikwenda naye bondeni. Nilidhani ataomba kuona matango. La! Alipiga magoti, akatazama majani ya chini, kisha akamwuliza mama maswali matatu: "Umepanda matango hapa misimu mingapi? Ukimaliza kuvuna, mashina na majani huenda wapi? Na samadi ya mbuzi huiweka wapi?"

Mama akajibu, "Huu ni msimu wa nne, Mzee. Mashina hula mbuzi. Samadi naipeleka juu nyumbani, kwenye sukuma wiki."

Mzee akatabasamu, akasema, "Basi chakula cha matango yako hakikupotea, mama. Kimehama. Kimepanda mlima, nacho sasa chakaa na sukuma wiki." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kijana wangu, mtu mwenye kiu akikujia, ukampa mkate juu ya mkate, umemsaidia?" Sikuwa na jibu.

Sasa tuyafafanue mambo haya, ili asiwepo mwingine atakayeingia shimoni nililomwingiza mama yule.

Mmea hauishi kwa chakula cha namna moja. Wahitaji naitrojini ya kukuza majani na mashina. Fosforasi ya kuimarisha mizizi na kuleta maua. Potasiamu ya kusafirisha sukari kutoka majanini hadi kwenye tunda na kutawala maji mwilini mwake. Kalsiamu ya kujenga kuta za chembechembe changa. Na vitu vingine vinavyotakiwa kwa kiasi kidogo sana, kama boroni. Mwaka 1840 mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, alieneza fundisho ambalo mwenzake Carl Sprengel alikuwa amelitaja tangu mwaka 1828: kwamba ukuaji wa mmea hupimwa kwa chakula kile kilichopungua zaidi kuliko vyote, wala si kwa kile kilicho kingi. Ni mfano wa pipa ambalo mbao zake hazilingani urefu. Ukilijaza maji, yatamwagika pale penye ubao mfupi. Hata ukiirefusha mbao nyingine mara kumi, maji hayatapanda.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo lililotuponza. Vyakula hivi hushindana mlangoni mwa mzizi. Potasiamu ikiwa chache, nawe ukamwaga mbolea yenye amonia kwa wingi, mzizi huipokea amonia na kuizuia potasiamu hata ile kidogo iliyopo. Vivyo hivyo, potasiamu ikizidi mno huifungia njia kalsiamu na magnesiamu. Na chokaa ikizidi, boroni hukwama udongoni. Basi kuongeza kitu kimoja bila kujua kilichopungua si kulisha. Ni kuzidisha njaa.

Tango ni mmea unaotumia potasiamu nyingi kupita hata naitrojini. Mama yule kwa misimu mitatu alikuwa ameihamisha potasiamu katika matango yaliyouzwa na katika mashina waliyokula mbuzi, wala hakurudisha kitu. Mimi nikamshauri aongeze naitrojini. Ndiyo maana majani yalipendeza na matunda yakaharibika.

Mtazameni sasa tango lenyewe, maana umbo lake ni kama barua iliyoandikwa na mizizi.

Likiwa jembamba upande wa kikonyo na nene upande wa ncha, na majani ya zamani yameungua kingo, shuku upungufu wa potasiamu.

Likiwa fupi, limepauka, na ncha yake imechongoka, na majani yote yanageuka manjano kuanzia yale ya chini, huo ni upungufu wa naitrojini.

Likiwa dogo, halikukua sawasawa upande wa ncha, na majani machanga yamekunjika kuelekea chini mfano wa mwavuli, shuku kalsiamu. Nayo kalsiamu husafiri pamoja na maji. Mara nyingi imo udongoni tele, lakini mkulima humwagilia leo, akaacha siku nne, kisha akafurikisha. Basi haifiki inakotakiwa.

Ngozi ikiwa na michirizi ya manjano au makovu magumu kama gamba la mti, na ncha ya shina inakufa, shuku boroni. Usidharau kitu hiki kwa udogo wake. Ilikuwa mwaka 1923 ambapo bibi mmoja mwanasayansi, Katherine Warington, alipoonyesha huko Rothamsted, Uingereza, kwamba jamii fulani ya maharagwe haiwezi kukua vyema bila boroni.

Hata hivyo, ndugu zangu, kabla hamjaushitaki udongo, wahojini mashahidi wengine wawili: nyuki na maji.

Mmea wa tango huzaa maua dume na maua jike mbalimbali. Ua jike utalijua kwa kitango kidogo kilicho nyuma yake. Ua hilo hufunguka kwa siku moja tu, na nyuki hana budi kulitembelea mara nyingi ili kuleta chavua, yaani ule unga wa manjano wa ua dume. Chavua ikitosha, mbegu hujaa tunda zima, nalo hunenepa sawasawa. Isipotosha, mbegu hushika upande mmoja. Upande huo hunenepa na upande wa pili husinyaa, basi tango hupinda kama mundu au kusinyaa nchani. Tazama basi msomaji wetu wa pili: yamkini hahitaji mbolea hata chembe. Namwuliza, je, hunyunyiza dawa ya wadudu saa za asubuhi, wakati nyuki wako kazini? Kama ndivyo, anawaua vibarua wake wasiodai mshahara. Anyunyize jioni, maua yakiisha kufunga, na tena pale tu panapo wadudu wa kuua.

Lakini yumo mkulima ambaye mambo yake ni kinyume. Ziko mbegu za matango, hasa zile za nyumba za plastiki, ambazo huzaa bila chavua. Hizo nyuki akizifikia, mbegu hufanyika upande wa ncha na tango huvimba huko. Kwa hiyo soma karatasi ya pakiti ya mbegu kabla ya kupanda, wala usizichanganye mbegu za aina hizi mbili mahali pamoja.

Ama maji, tango lenyewe ni kadiri ya sehemu 95 za maji katika kila 100. Likikosa maji siku chache katikati ya kukua, kisha likayapata tena, hubanwa kiunoni kama nyigu. Na tango lililolala juu ya ardhi, au lililokwama katikati ya mashina, hupinda kwa kukosa nafasi. Tena, ukiona majani yana mabaka ya kijani kibichi na manjano yaliyochanganyika, na matunda yana vinundu, hayo yamkini ni maradhi ya virusi yaletwayo na vidukari. Mmea huo ung'oe, kwa kuwa hakuna mbolea ya kuuponya.

Hivyo basi, dalili moja haitoshi kutoa hukumu. Tango la umbo la rungu pekee laweza kuwa la potasiamu, laweza kuwa la nyuki. Tango la umbo la rungu pamoja na majani ya zamani yaliyoungua kingo, katika shamba lililovunwa misimu mingi bila kurudishiwa kitu, hilo limekwisha kukiri.

Yafuatayo ndiyo mzee yule aliyotuagiza tufanye. Kwanza tuliyatoa matango yote yaliyopotoka, hata madogo, kwa sababu tango lililokwisha kupotoka halinyooki tena, nalo huendelea kunyonya nguvu za mmea bure. Pili, tuliacha kabisa mbolea ya CAN. Tatu, tulitia salfeti ya potasiamu gramu 15 kwa kila mita mraba, mbali kidogo na mashina, tukaifukia na kumwagilia. Nne, tulitandaza majani makavu juu ya udongo ili unyevu usikimbie, na mama akawa anamwagilia kwa kipimo kimoja kila siku. Tena mzee alisema tuache mistari miwili bila kuitia potasiamu, ili tuone kwa macho yetu. "Mkiitia yote," alisema, "mtasimulia habari. Mkiacha miwili, mtakuwa na ushahidi."

Katika wiki ya tatu matango mapya yalitoka yamenyoka, isipokuwa katika mistari ile miwili. Mfanyabiashara akarudi kujaza magunia yake, na mbuzi hakuuzwa. Lakini mwana wa mama yule alikaa nyumbani wiki mbili nzima wenzake wakiwa darasani, kwa sababu karo haikupatikana kwa wakati. Wiki mbili hizo zilitoka katika kinywa changu. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja, na kwa ajili hiyo najilaumu zaidi.

Sasa, kinga ni bora kuliko tiba. Anayetaka kupanda matango msimu ujao na azingatie haya:

1. Pima udongo kabla ya kununua chochote. Chota udongo mahali 15 hadi 20 ukitembea shambani kwa kupindapinda, kina cha sentimita 20, lakini usichote palipokuwa na jaa la majivu au boma la ng'ombe. Uchanganye katika ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, uukaushe kivulini, na upeleke kadiri ya nusu kilo hadi kilo moja. Maabara ya KALRO iliyoko Kabete hupima udongo, na ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe itakuelekeza.

2. Tango hupenda udongo usio na ukali mwingi, kipimo cha pH kati ya 6.0 na 6.8. Udongo mwekundu wa milimani mara nyingi ni mkali zaidi ya hapo. Ikiwa kipimo chasema hivyo, tia chokaa ya kilimo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, kwa kiasi ulichoandikiwa, wala usizidishe.

3. Tia samadi iliyooza vyema au mboji, kilo 2 hadi 3 kwa mita mraba. Samadi ina vyakula vyote kidogo kidogo, nayo hushika unyevu.

4. Majivu ya kuni ni hazina ya potasiamu na kalsiamu iliyo jikoni mwako. Konzi mbili kwa mita mraba zatosha, zikichanganywa na udongo kabla ya kupanda. Usiyachanganye na CAN wala na samadi mbichi, maana amonia hupaa ikapotea hewani. Tena, ikiwa udongo wako hauna ukali, usiyatie, yatauharibu.

5. Mbolea ya naitrojini tia kidogo kidogo, gramu 10 za CAN kwa mita mraba wakati mashina yanapoanza kutambaa, na nyingine kiasi hicho hicho matunda yanapoanza.

6. Boroni usiitie ila kipimo kimeonyesha upungufu. Hapo kijiko kimoja cha chai cha boraksi, kisichojazwa kwa kilima, kilichoyeyushwa katika debe la maji, chatosha mita mraba 5. Kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachounguza kuna nafasi ndogo sana, na maharagwe utakayopanda baadaye ndiyo yatakayolipa deni.

7. Simika miti na kamba mmea upande juu. Tango linaloning'inia huvutwa na uzito wake likanyoka.

8. Badilisha mazao. Usipande matango, maboga wala matikiti mahali pamoja mfululizo. Na mashina uliyoyatoa, kama hayakuwa na maradhi, yarudi shambani yakiwa mboji, au yarudi kwa njia ya samadi.

Huenda msomaji mmoja akasema, "Tango lililopinda laliwa, lina ladha ile ile, ya nini taabu yote hii?" Kweli, laliwa. Hata Ulaya walikuwa na sheria ya mwaka 1988 iliyotaka tango la daraja la kwanza lisipinde zaidi ya milimita 10 katika kila sentimita 10 za urefu wake. Watu waliicheka miaka mingi, hata ikaondolewa mwaka 2009. Lakini mchuuzi wa sokoni kwetu hakuingojea sheria, wala hataingojea. Naye hupakia matango kwenye kreti, na yaliyonyoka hupangika vyema. Tena tango lililopotoka kwa njaa ya udongo latuonya kwamba msimu ujao hata hayo yaliyopinda hayatapatikana.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa kwanza, kabla hujafungua mkoba, tazama majani ya chini, ukumbuke ulichovuna na ulichorudisha. Nawe wa pili, amka mapema kesho, ukae kitako shambani robo saa, uhesabu nyuki. Kisha niandikieni tena mliyoyaona. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule niliouonyesha mimi, wa kujibu kabla ya kupiga magoti.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutayageukia yale mahindi yetu ya ghalani.

Ni mimi wenu,
Karani Mkulima